Mkono Uliobaki Kwenye Chachu

Baada ya kumzika mwanawe, yule mama hakuomba nguo zake wala saa yake. Aliomba gudulia.

Lilikuwa gudulia la udongo, pana tumboni na jembamba shingoni, lenye ufa uliozibwa kwa nta. Lilikaa kwenye rafu ya mbao nyuma ya duka la mikate, pale ambapo joto la tanuri hufika likiwa limeshachoka. Ndani yake mlikuwa na chachu. Si hii chachu ya chenga inayouzwa kwenye pakiti. Hii ilikuwa uji mzito wa unga wa ngano uliofugwa kama watu wanavyofuga kuku: asubuhi unapewa unga na maji, jioni unapewa tena, ukikosa unanuna, ukishiba unafura mpaka unasukuma kifuniko. Kila siku kikombe kimoja kinachotwa kuumua mikate, kinachobaki kinalishwa upya.

Mwanawe alikuwa fundi wa mikate, na alikuwa akimweleza mambo ya humo ndani kama mtu anayesimulia habari za majirani.

"Humu mna koo mbili za vijidudu, mama. Hawa wanatoa pumzi, ndiyo inayoinua mkate. Wale wanatoa ukali, na ukali ndio unaofukuza ukungu na wahuni wengine. Huyu anakula kile ambacho mwenzake hakitaki. Ukiwatenganisha, hakuna atakayefika mbali."

"Na wewe uko wapi hapo?"

"Mimi ni ukoo wa tatu. Nawalisha, wananilisha. Wamo mpaka kwenye mikono yangu, wanahama na kurudi. Ukinishika mkono umewashika na wao."

"Basi kanawe kabla hujanishika," mama alimjibu, na wote wawili wakacheka.

Fundi alikufa kwa kifua. Vumbi la unga lilimkaa mapafuni miaka na miaka, mpaka likamnyima nafasi ya kuvuta hewa. Mkewe, ambaye walikuwa wakioka pamoja, alifungua duka matanga yalipokwisha, kwa sababu hakujua kazi nyingine. Siku hiyo ndipo mama alipoingia nyuma ya duka, akainua kifuniko cha gudulia, akainama.

Harufu iliyomjia ilikuwa ya tufaha lililopondeka. Halafu, chini ya tufaha, ikaja nyingine, ya joto joto, kama utosi wa mtoto aliyelala baada ya kulia. Utosi ule aliujua. Aliubeba begani alipokuwa mchanga. Akakaa juu ya gunia la unga, na mkamwana wake akamkuta hapo amekumbatia kifuniko.

"Yumo," mama alisema. "Mwanangu yumo humu."

Kuanzia hapo aliweka sheria. Mkono mtupu usiingie kwenye gudulia. Mkono uliozoea kuingia ulikuwa wa marehemu, na wa kwake ndio uliobaki humo. Mkono mwingine ungemfuta, kama maji yanavyofuta nyayo mlangoni. Maji ya kulishia yachemshwe kwanza, yapozwe. Mwiko umwagiwe maji ya moto. Na mkamwana avae glavu nyembamba za plastiki, kama za wauguzi.

Mkamwana alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi wa kutenda, mwenye alama za kuungua kwenye mikono yote miwili, maana tanuri halina urafiki. Hakuwa na nguvu ya kubishana. Alivaa glavu.

Ng'ambo ya barabara alikaa fundi viatu, na benchi lake lilitazamana na mlango wa duka.

"Bibi," alimwambia mama asubuhi moja alipokuja kuchukua mkate wake, "siku hizi humu mnaoka au mnapasua watu?"

"Wewe shona viatu, ya unga tuachie wenyewe."

"Nawaachia. Ila mkizidi kuukausha mkate hivi, nitaanza kuutilia kwenye soli."

Mama alimtazama mpaka akaondoka mwenyewe.

Kila asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, mama alivuta kigoda chini ya rafu, akalishusha gudulia mapajani na kutega sikio. Mle ndani mapovu yalikuwa yakipasuka moja moja, pf, halafu kimya, halafu pf, kama mtu mwenye mafua aliyelala chali. Alizungumza nalo. Alilieleza nani kaja kutoa pole na nani kajificha, bati gani linavuja, mbwa wa nani kazaa. Mkamwana alipita na trei zake na kujifanya hasikii.

Siku moja aliinua kifuniko akakuta uso wa chachu umebonyea. Mibonyeo minne ilikaa sambamba, na mmoja pembeni. Akaweka mkono wake juu bila kugusa. Ililingana, isipokuwa ile ya chini ilikuwa mirefu zaidi. Mtu angesema ni kiganja kilichosukuma kutoka ndani, kikakuta pamefunikwa, kikarudi. Alifunika polepole, asimwambie mtu. Alipotazama tena jioni, paliumuka povu moja tu, likafumbuka kama jicho, likafumba.

Kisha chachu ikaanza kuugua.

Kwanza pumzi zake ziliachana. Baadaye juu yake pakatanda maji meusi, kama maji yaliyolala kwenye ndoo yenye kutu. Ile harufu ya utosi ikafunikwa na nyingine kali inayochoma pua, kama rangi ya kucha. Mikate ilitoka tanurini imelala. Mkamwana alizidisha unga, akapunguza maji, akasogeza gudulia karibu na joto, akaliondoa. Haikusaidia kitu.

"Mama," alisema mwishowe, "hii imekosa mkono."

"Mkono uko humo."

"Nasema mkono wa mtu aliye hai. Tunaichemshia kila kitu, tunaivalia plastiki. Tumewafungia kama wagonjwa peke yao chumbani, halafu tunashangaa hawaponi."

"Sema unachotaka kusema, binti. Unataka kumtoa."

"Nimtoe wapi, mama?"

"Unataka uingie wewe, yeye atoke. Mimi nina macho."

Mkamwana alivua glavu, akaziweka juu ya meza moja juu ya nyingine, akaenda kufagia uani. Mama alilibeba gudulia kwa mikono miwili, akavuka nalo mtaa kifuani kama anayebeba mtoto mwenye homa. Chumbani kwake aliliweka juu ya stuli kando ya kitanda na kulifunga sweta la marehemu, lile la kijivu lililotoboka kiwikoni. Dukani mkamwana alinunua chachu ya pakiti, mikate ikafura vizuri tu, na watu wakanunua.

Mama aliilisha mwenyewe, kwa mwiko, kwa maji yaliyochemshwa. Mchana mmoja alikuwa amejilaza. Nje watoto walikuwa wakipiga mpira ukutani, halafu wakaitwa nyumbani, pakawa kimya. Katika kimya hicho alisikiliza ile pf. Akangoja. Alisikia maji yakidondoka kwenye karai, akasikia moyo wake mwenyewe. Kutoka kwenye stuli hakikuja chochote. Akainuka, akalikumbatia gudulia pamoja na sweta, akaweka sikio. Lilikuwa baridi. Hivyo ndivyo alivyoweka sikio kwenye kifua cha mwanawe hospitali, kabla muuguzi hajamshika bega.

Alipiga simu dukani. Alisema neno moja tu: "Njoo."

Mkamwana alikuja na aproni yake, unga mpaka kwenye nyusi. Alipiga magoti mbele ya stuli, akafungua sweta, akanusa, akachovya ncha ya mwiko na kuonja.

"Haijafa," alisema. "Lakini inaaga."

"Ukitia mkono, yeye atapotea?"

Mkamwana alikaa sakafuni, mgongo ukiegemea kitanda.

"Mama, wewe unamkumbuka yule mzee aliyemfundisha kazi? Yule aliyekuwa na sikio moja?"

"Namkumbuka. Alikufa kabla hamjaoana."

"Gudulia hili lilikuwa lake. Mwanao alipolirithi, alinipa ninuse, akaniambia, huyu ni mzee, mzee bado yumo. Na kweli, ilinuka tumbaku na kitu kama ngozi. Kila siku alitia mkono, na kila siku mzee alipungua. Alijua anampunguza. Asubuhi moja alinusa akamkosa, akakaa pale kwenye gunia unalokalia wewe, akalia kama mtoto. Nikamwambia, si ungeacha kutia mkono? Akasema, ningeacha, wangekufa wote, na mzee akiwa ndani."

Mama aliangalia kidole chake kikizunguka kwenye tundu la sweta. Hakuwahi kujua kwamba mwanawe alimlilia yule mzee. Alidhani anazijua kwikwi zake zote.

"Itachukua muda gani?" aliuliza.

"Haitakuwa mara moja. Atatoka kidogo kidogo. Utamnusa ukipenda, kila siku, mpaka mwisho."

Mama alikunja sweta, akaliweka kwenye mto. "Nawa mikono kwanza," alisema. Kisha akajirudi. "Hapana. Usinawe. Futa tu."

Mkamwana alimwaga maji meusi, akatia unga mpya na maji ya bomba yaliyokaa, akaingiza mkono wake wa kulia mpaka juu ya kifundo, ule wenye alama za tanuri. Alikanda bila haraka, akifumba na kufumbua ngumi. Mama alitazama unga ukipanda kwenye vidole vile na kung'ang'ania, ukivutika nyuzi nyuzi kila mkono ulipoinuka, kama usiotaka kuachwa. Alitamani kugeuza uso, hakugeuza.

Jioni hiyo hakikutoka kitu. Asubuhi yake gudulia lilisema pf, na mama akashika mdomo.

Lilirudishwa kwenye rafu. Maji meusi hayakuonekana tena, na mikate ikaanza kusimama. Fundi viatu alimega kipande akiwa bado mlangoni, akatafuna amefumba macho.

"Huyu ndiye yeye," alisema. "Marehemu kabisa. Mlikuwa mmemficha wapi?"

"Kula uende," mama alisema, na safari hii sauti yake haikuwa na ukali.

Lakini alijua fundi viatu amekosea. Kila asubuhi aliinua kifuniko, na kila asubuhi ule utosi ulikuwa umesogea mbali kidogo. Kuna siku aliupata mara moja. Kuna siku ilimbidi avute mpaka kizunguzungu. Pale ulipokuwa palikuja joto jingine, la mtu mzima, la mwanamke aliyekesha akifanya kazi, na alilitambua, maana ndilo lililokuwa likimpita na trei miezi yote ile. Mibonyeo haikuonekana tena juu ya chachu, ingawa aliitafuta kwa tochi.

Ikafika asubuhi alipovuta akakosa. Akavuta tena. Tufaha lilikuwepo. Ukali ulikuwepo, na mkamwana alikuwepo mzima mzima. Akatafuta chini yao, na chini zaidi, kama mtu anayepapasa sakafu gizani. Gudulia lilipumua usoni pake, pumzi ya afya, ya mtu asiyemjua.

"Bado yupo, mama?" mkamwana aliuliza huku akikunja mikono ya gauni.

Mama hakuinua kichwa.

"Yupo," alisema. "Kwa mbali."

"Hata mimi jana nilisikia harufu yake," mkamwana alisema. Alilisema kwa upole kiasi kwamba mama alielewa: binti huyu amekwisha kumkosa siku nyingi, na siku zote hizo alikuwa akiuliza tu.

Hawakutazamana. Mama alisogea kwenye kigoda kumpa nafasi, akalishika gudulia shingoni lisiteleze, na mkamwana akazamisha mkono.