Maneno ya Kiti na Maneno ya Moyo

Simu ya mkwewe, mke wa mwanawe, ilimkuta Mwalimu jikoni, anaosha sahani moja na kikombe kimoja. Vyombo vya mtu anayekula peke yake haviishi kuoshwa, maana mwenyewe huviosha polepole apate cha kufanya.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Hamjambo huko?"

Hawakuwa na jambo. Jumamosi kungekuwa na sherehe ya mwanawe, aliyeapishwa juzi kuwa jaji wa mahakama ya juu. Mwalimu aliona kiapo hicho kwenye televisheni, kama jirani zake walivyokiona. Sasa mkwe alitaka mzee asimame aseme maneno mafupi, tena kwa Kiingereza, kwa kuwa kungekuwa na wageni wa nje.

"Useme tu alivyo mtu mwema, baba. Mnyoofu, mwenye huruma. Mzazi akisema, watu wanaamini. Halafu ameahidi, sherehe ikipita tunakuja kwako, tukae wikiendi nzima. Na watoto."

Na watoto. Mwalimu alivuta kiti akakaa, simu sikioni, mikono ikidondosha maji.

Sasa usimwone mzee wa watu mpungufu kwa kukaa chini kwa jambo dogo kama hilo. Tangu mkewe afariki, nyumba ile ilikuwa kimya mpaka saa ya ukutani ilikuwa kama mtu wa kuongea naye. Na mwana? Lo, mwana alileta. Mama alipougua alileta daktari, akaleta kitanda cha hospitali, akaleta gari na dereva wake, akaleta kila kitu duniani kinacholetwa. Mwenyewe hakuja. Alikuja siku ya mazishi, amevaa miwani myeusi, na watu hawajakung'uta udongo mikononi yeye keshaondoka. Walimtetea wakasema kazi nyingi. Mimi nasema kazi ni kazi, na mama ni mama.

Mwalimu alifundisha Kiingereza maisha yake yote, na kama kuna kitu alichokipenda katika lugha hiyo ya watu, ni maneno yake ya kusifia. Yako tele, na wenyewe wenye lugha huyachanganya, lakini yeye aliyagawa majumba mawili. Kuna maneno ya kiti, ya uheshimiwa na utukufu: honourable, eminent, distinguished, exalted. Hayo mtu hupewa pamoja na kiti, na siku akiinuka huyaacha hapo hapo yamngoje mwingine. Na kuna maneno ya moyo, ya huruma na wema: kind, upright, virtuous, good. Hayo hakuna ofisi inayoyatoa. Tena hata hayo si pacha. Upright ni yule anayesukumwa na hapindi. Virtuous hasukumwi na mtu. Mlango uko wazi, hakuna anayemwona, na bado hachukui. Good ndilo la kawaida kuliko yote, na Mwalimu alikuwa bahili nalo ajabu. Wanafunzi wake walimaliza shule hawajalisikia likitoka kinywani mwake kwa ajili ya mtu yeyote, isipokuwa mpishi mmoja wa shule, na huyo alikuwa keshakufa.

Mwanawe alilelewa katika mchezo huo. Jioni baba alitaja neno, na mtoto akaonyesha nyumba yake: mkono kichwani kama ni la kiti, mkono kifuani kama ni la moyo. Likija noble, mtoto aliweka mkono mmoja juu na mwingine kifuani, kwa sababu neno hilo, la utukufu na la uungwana, lina chumba kila upande, na mama yake alicheka mpaka akalazimika kuweka kisu cha vitunguu chini. Yule mtoto hakukosea hata siku moja. Ndilo lililomuuma Mwalimu sasa, maana neno lolote atakalolisema, mwanawe ataijua nyumba yake.

Wiki nzima alijaribu hotuba mbele ya kioo cha kunyolea. My son is a good man. Kinywa kilifika kwenye good kikakwama, kama punda kwenye daraja. Akajaribu kind, akaona kile kitanda cha hospitali. Akafikiria kujificha nyuma ya noble, kila mtu achukue upande anaoutaka, akaona huo ni ujanja wa mtoto aliyevunja glasi. Kumvika mtu kilemba cha ukoka ni rahisi, watu huvikana kila siku, lakini huyu alikuwa mwanawe, na alimtaka. Alitaka wikiendi ile. Aliitaka kiasi kwamba Ijumaa alifua mashuka ya vitanda vyote.

Jumamosi dereva alimchukua mapema. Ukumbini kulikuwa na vitambaa vyeupe mpaka kwenye miguu ya viti. Mwanawe alikaa meza ya mbele, amenenepa kidogo, amependeza. Alimwamkia baba yake vizuri, akamwonyesha kwa wageni wawili, akaitwa kwingine. Baadaye wakampa mzee kipaza sauti.

Mwalimu alisimama. Alimtazama mkwewe, aliyekuwa anatabasamu. Aliwatazama wajukuu, ambao walikuwa warefu kuliko alivyodhani. Kisha akasema kwa Kiingereza chake safi kwamba mwanawe ni honourable, na kwamba ni eminent. Kwamba leo ameketi mahali exalted miongoni mwa watu distinguished, na kwamba yeye, baba yake, amefika kukishuhudia cheo hicho. Akashukuru. Akakaa. 

Ukumbi ulipiga makofi mpaka glasi zikatikisika. Mgeni mmoja wa nje alikuja kumshika mkono na kumwambia kwamba hajapata kusikia mzazi akisifu vizuri namna ile. Mwalimu alimshukuru. Meza ya mbele watu walicheka na kupongezana, na katikati yao jaji alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama mkono wake juu ya kitambaa cheupe.

Alimfuata baba yake kwenye kibaraza cha nyuma, ambako wapishi walikuwa wanasuuza masufuria. Akavuta kiti cha plastiki, akakaa na suti yake.

"Yote ya kiti, baba."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nangoja hata moja tu. Mbele ya watu wote wale."

"Wale hawakusikia kitu. Wamepiga makofi."

"Ungeniambia nyumbani."

"Nyumbani huji, mwanangu."

Mwalimu aliona wikiendi ile inaondoka na mashuka yake, na moyo ukamwambia aombe radhi, aseme uzee umemchanganya. Alikuwa anautafuta mwanzo wa maneno hayo wakati mwanawe aliposema, sauti imeshuka, "Mama aliniulizia?"

Tangu mazishi hakuwahi kuuliza.

"Kila siku. Akisikia gari njiani ananyanyua kichwa. Anasema, 'Ni Mheshimiwa huyo?'"

"Mheshimiwa?"

"Ndivyo tulivyokuwa tunakuita. Ulipopata uhakimu tulianza kwa utani, yeye ndiye aliyekuwa anatania sana. Utani ukaisha, tukabaki na neno. Mwisho ugonjwa ulimpanda kichwani, jina alilokupa likampotea. Nilimkumbusha, likapotea tena. Akawa na hilo moja tu."

Masufuria yaligongana. Jaji alivua miwani, akaifuta kwa tai, akairudisha ikiwa chafu vile vile.

"Wewe unalikumbuka?"

"Jina lako? Nitaachaje?"

"Niite basi, baba."

Mwalimu akamwita. Miaka ilikuwa imepita hajalitamka, likamtoka kwa adabu, kama unavyomwita mtoto wa jirani uliyemkuta barabarani.

"Naam, baba," jaji aliitika.

Wakakaa. Habari ya wikiendi haikutajwa. Mwalimu alitaka kumwita mara ya pili, pengine lingetoka vizuri zaidi, na alikuwa keshafungua kinywa wakati mtu alipotokea mlangoni na kusema Mheshimiwa anangojwa kwenye picha. Mwanawe alikuwa keshasimama, anafunga vifungo vya koti.

"Naam, nakuja," alisema, na jina hilo aliliitikia upesi zaidi.