Papa Wawili wa Mwalimu Bertrand

Vita vilipofika Uvira, watu walibeba magodoro na masufuria. Mwalimu Bertrand wa mtaa wa Kimanga alibeba papa wawili, kila mmoja kwenye chupa yake. Kila mtu na wazimu wake. Walikuwa papa wadogo wa bahari ya chumvi, wa jamii mbili zinazofanana sana, na zote mbili zilikuwa zinakwisha duniani. Padri mmoja aliyewaleta shuleni alibandika karatasi ya jina kwenye kila chupa. Dawa ya kuhifadhia ilipokosekana, Bertrand akaongeza lutuku, pombe kali ya mtaani, nayo ikavuja na kula wino wote wa majina.

Kwenye kizuizi cha Kalundu, karibu na boti, askari walikuwa wamekalisha watu chini. Mkewe, Ninahazwe, akavutwa akakalishwa nao.

"Uyu mama pua yake iko ya wale wengine," alisema mkubwa wao, kijana aitwaye Antoine. Bertrand akamtambua. Alikuwa mwanafunzi wake.

"Antoine, ni bibi yangu! Weye unanijua."

"Weye ndiye ulitufundisha, mwalimu. Vitu viwili vikifanana, tafuta alama moja tu, inatosha." Antoine akagonga chupa. "Haya. Nani ni nani?"

Bertrand akainama. Miiba ya mgongoni, huyu anayo na yule anayo. Madoa meupe yalikuwa yamefutika. Pua je? Akageuza chupa, akageuza tena. Kumbe miaka yote alikuwa akisoma karatasi, si samaki. Kwa hofu akamnyooshea mmoja kidole na kutaja jina kwa sauti ya darasani.

"Vizuri," Antoine akasema, akaonyesha watu waliokaa chini. "Sasa nitengee na hawa."

Bertrand akamtazama mkewe, akawatazama wenzake. Hakuona alama yoyote. Aliona watu wenye vumbi.

"Nimebahatisha," akasema. "Bila karatasi, minye sijui hata samaki."

Uso wa Antoine ukarudi kuwa wa mtoto.

"Lakini minye niliwachanganya hawa hawa kwenye mutihani," akasema. "Ukanipa zero. Baba akanitoa mu masomo."

Antoine akatazama chupa, akatazama bunduki yake, kama aliyesahau kazi ya vyote viwili. Kisha akalegeza kamba ya kizuizi. Watu wakainuka mmoja mmoja, Ninahazwe akiwa wa kwanza.

"Samaki wabaki," alisema Antoine.

Mwalimu akaziacha chupa zote mbili.