Ratili Mia Moja Sitini na Mbili

Kila Jumamosi saa mbili asubuhi, Maximilla Nabututu alipangusa mizani yake kwa kitambaa kibichi, akaisawazisha kwa kipande cha kadibodi upande wa kushoto, kisha akaketi kwenye kibao mbele ya duka la Chege, pale njia panda ya Mamboleo. Mizani yenyewe ilikuwa ya kupimia magunia, yenye uso wa duara na mshale mwekundu, na mumewe alikuwa ameinunua soko la Kombewa kwa mtu aliyekuwa akifunga duka. Kupimwa ilikuwa senti kumi. Watu walioshuka kwenye mabasi walipanda juu yake, wakachekana matumbo, wakashuka. Chege, aliyeuza spea za baiskeli na mafuta ya taa, hakumtoza kitu kwa nafasi hiyo, maana wanaongoja kupimwa hawakosi kununua kiberiti.

Lakini Maximilla hakufuata senti kumi pale. Alifuata habari za mumewe, Enos Wepukhulu, ambaye ilisemekana alishushwa kwenye njia panda hiyo Alhamisi moja ya Machi 1968 na hakuonekana tena. Kila aliyepanda mizani aliulizwa: mwanamume mrefu, buti nyeusi, mfuko wa mkonge begani, hukumwona? Watu walisema hapana, pole Mama, halafu wakauliza wana ratili ngapi.

Enos alikuwa karani wa mizani ya malori katika Ushirika wa Tumaini, nje kidogo ya Muhoroni, ambako wakulima walipeleka miwa. Jamani, huyo mtu alipenda mizani! Nyumbani alipima kuku kabla ya kuchinjwa, akapima unga, akapima watoto kila mwisho wa mwezi. Kazini aliwashusha madereva wote kutoka kabini ya lori kabla ya kupima, hata mvua ikinyesha, na madereva walimtukana hadi wakachoka. Basi mwaka ule alianza kuona hesabu ya miwa haimwingii akilini. Akaingia chini ya jukwaa la mizani na spana, akakuta kipande cha chuma kimefungwa kwa bolti mahali ambapo hakuna fundi angekiweka kwa bahati mbaya. Kila lori lililopita pale, chuma hicho kilikula sehemu yake ya jasho la mkulima. Enos akakifungua, akakipeleka nyumbani na kukipima. Ratili kumi na mbili. Akapanda juu yeye mwenyewe na buti zake, akapata mia moja na hamsini kamili.

"Kesho nakipeleka Kisumu kwa wakubwa," alimwambia mkewe wakila. "Nitapanda basi la kwanza."

"Basi la nini?" Maximilla akasema. "Laban anapita na lori asubuhi. Panda na bakoki wako, mfike pamoja."

Maneno hayo aliyasema yeye, kwa kinywa chake, na ndiyo yaliyomla miaka yote iliyofuata. Lakini nani angesema vingine? Enos na Laban Masinde walitahiriwa asubuhi moja, wakapakwa tope la mto mmoja. Kwa Wabukusu watu wa namna hiyo ni bakoki, na bakoki wako anaweza kukutania mbele ya mama mkwe na usimfanye kitu. Kumkabidhi mumeo kwa bakoki wake ni kumwacha nyumbani.

Laban alirudi jioni peke yake. Alisema alimshusha Enos Mamboleo saa nne, akamwona akivuka barabara, basi. Wazee wa ukoo hawakumuuliza swali la pili, kwa sababu bakoki hahojiwi juu ya bakoki mwenzake. Mwezi uliofuata Laban aliacha usukani, akapewa cheo cha msimamizi wa malori yote ya Ushirika, pamoja na ofisi yenye pazia.

Ilikuwa Jumamosi ya Juni aliposhuka Mamboleo kumsalimia shemeji yake. Alikuwa na koti jipya na mkate wa watoto. Waliokuwepo wakamwambia apande mizani naye, asiogope, na kwa kuwa kukataa kungeonekana vibaya, akapanda. Mshale ulizunguka ukapita mia mbili, ukapita mia tatu, ukasimama.

"Mia tatu thelathini na mbili," Maximilla akasoma.

"Hii mizani yako imeharibika, shemeji."

"Haijaharibika."

Chege alitoka dukani akifuta mikono yenye grisi. Akapanda yeye: mia moja arobaini, uzito wake wa siku zote. Akashuka, akamwambia Laban apande tena. Mia tatu thelathini na mbili. Chege akamtazama juu mpaka chini, akasema huo ni uzito wa watu wawili na mzigo, kisha akarudi ndani kwa sababu kulikuwa na mteja wa tyubu.

Maximilla alijua uzito wa Laban. Enos alishampima mara nyingi pale nyumbani, kwa mzaha, na hakuwahi kuzidi mia moja na sabini. Alizitoa hizo kichwani, polepole. Zilibaki mia moja sitini na mbili. Mia moja na hamsini za mtu mwenye buti, na kumi na mbili za chuma.

"Uko na Enos," alimwambia.

"Nilimshusha hapa hapa Mamboleo," Laban akasema. "Saa nne. Nikamwona akivuka."

Akalipa senti kumi, akaenda. Mkate ulibaki kwenye kibao, na Maximilla akampa mbwa wa Chege.

Polisi walipelekewa habari hiyo Jumatatu. Inspekta alikuwa mtu wa kazi, hakumcheka mama wa watu. Alimwita Laban kituoni, akampima kwa mizani ya serikali mara mbili, na viatu na bila viatu, akaandika kila kitu kwa mwandiko mzuri. Kisha akamweleza Maximilla kwamba uzito sio maiti. Mahakama itataka mwili, au mtu aliyeona, au Laban mwenyewe akubali.

"Si ndio huo mwili?" Maximilla akauliza. "Umeupima sasa hivi."

"Nimeupima, Mama. Lakini siwezi kuuweka mezani."

Huko Tumaini, karani mpya wa mizani, Kageha, naye alipata taabu. Laban alikuwa na tabia ya kupanda malori kwenda kukagua mashamba, na hakupenda kushushwa kama madereva wa kawaida, maana sasa alikuwa mkubwa. Kila lori alilopanda lilizidi. Meneja alitatua jambo hilo kwa siku moja tu. Aliamuru tangazo lipigwe chapa, likabandikwa ukutani karibu na dirisha la karani: LORI LOLOTE LENYE BWANA MASINDE, TOA RATILI 332. Wakulima walilisoma wakingoja zamu. Waliojua kutoa walitoa, wakamkumbuka Enos, wakasogeza foleni mbele.

Laban aliendelea kuja Mamboleo. Hilo ndilo watu hawakulielewa, lakini Maximilla alilielewa vizuri. Kila Jumamosi Laban alipanda mizani akitumaini kwamba wiki hiyo Enos amemwacha. Alisimama wima, akabana pumzi, akatazama mbele kwenye kibanda cha viazi. Maximilla alimsomea namba. Kisha alimuuliza swali moja tu, kila Jumamosi, na hakuongeza wala kupunguza neno.

"Shemeji, umemlaza wapi nikamzike?"

"Nilimshusha hapa hapa Mamboleo."

Mwaka 1970 baba mdogo wa Enos, mzee Waliaula, aliamua kwamba imetosha. Mtu asiyeonekana huzikwa kwa mgomba: unakatwa kwa kimo chake, unavishwa nguo zake, unalazwa kwenye sanduku, na nyumba inatulia. Maximilla alikataa. Alisema wakizika mgomba, Enos atakuwa amekufa tu, hivi hivi, bila mkono wa mtu, na polisi watafunga faili. Mzee alimjibu kwamba watoto hawawezi kuendelea kuwa wa mtu aliye safarini. Alisema kwa upole, na hakumtazama usoni. Lori lililoleta wageni na maturubai lilikuwa la Ushirika, na siku hizo miwa ya mzee Waliaula ilikuwa ikivunwa ya kwanza kila msimu. Hapo ndipo Maximilla alipojua kuwa hata upande huu ameuzwa.

Walimzika Enos wa mgomba Ijumaa alasiri, kwa nyimbo. Wabebaji walikuwa wanne, na Laban alikuwa mbele kulia, kwa kuwa ndiyo nafasi ya bakoki. Watatu walisema baadaye kwamba sanduku lilikuwa jepesi, wangeweza kulibeba kwa mkono mmoja. Laban alizama hadi vifundo vya miguu kwa kila hatua, ingawa ardhi ilikuwa kavu. Watu walileta mbao wakamtandikia kutoka mlangoni hadi kaburini, na mazishi yakaendelea. Alitoa hotuba nzuri na kulia machozi ya kweli. Maximilla aliyaona yakidondoka, akatamani angekuwa na mizani ndogo ya kuyapima.

Wiki ya pili inspekta alimletea faili alione kwa macho yake. Ndani iliandikwa: familia imezika. Faili limefungwa.

Mwaka 1972 mizani zote zilibadilishwa kutoka ratili kwenda kilo. Wapo waliodhani Enos angepotelea humo kwenye mabadiliko. Laban mwenyewe alikuja siku ya kwanza kabla hata Maximilla hajamaliza kupangusa uso mpya wa mizani. Akapanda, mshale ukasimama kilo mia moja hamsini na nusu. Chege akapiga hesabu kwenye karatasi ya kufungia misumari, akatangaza kwamba ni ile ile. Kule Tumaini tangazo lilipigwa chapa upya. Kageha, alipokuwa akisafisha chini ya jukwaa la mizani, aliona chuma kingine, kinene kuliko cha kwanza, kimefungwa kwa bolti nne. Alikitazama muda mrefu. Alikuwa na watoto sita, akatoka, akanawa mikono.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Watoto wa Maximilla walikua wakijua baba yao anapatikana Mamboleo kila Jumamosi, na siku ya kwanza ya muhula waliletwa wakiwa na sare wasimame karibu na mizani. Hawakumsalimu Laban. Waliangalia mshale.

Jumamosi moja ya mwaka 1976 Laban alikuja akiwa ameshonewa suti mpya, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa haifungi tena. Alikuwa na shavu, shingo ilikuwa imemwagika juu ya kola, na alihema kwa kupanda kijukwaa cha kimo cha tofali. Mshale ulizunguka ukasimama palepale, mia moja hamsini na nusu.

Maximilla hakusoma namba. Alikuwa amepima watu miaka minane na jicho lake halikukosea zaidi ya kilo mbili. Alimkadiria Laban kuanzia viatu hadi kichwani: huyu sasa peke yake ni kilo mia. Akatoa mia. Akatoa chuma, maana chuma hakikondi. Zilibaki arobaini na tano. Enos alikuwa sitini na nane alipoondoka nyumbani.

Alishika ukingo wa mizani kwa mikono miwili, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Unammaliza, shemeji. Kila ukinenepa unammaliza. Niambie alipo kabla hajaisha."

Chege alisimama mlangoni na mnyororo wa baiskeli mkononi. Mwenye kibanda cha viazi alipunguza moto. Laban alitazama chini kwenye mshale, kwa mara ya kwanza, na midomo yake ikafunguka. Wote walingoja. Basi la Kakamega lilipita, likasimama, likashusha watu, likaondoka.

"Nilimshusha hapa hapa Mamboleo," akasema. "Saa nne. Nikamwona akivuka."

Akashuka, akatoa senti kumi, akaiweka kwenye kibao pale alipoiweka siku zote. Mwanamke mmoja aliyeshuka kwenye basi akiwa na mtoto mgongoni aliuliza kama anaweza kupimwa naye akiwa amembeba. Maximilla alipangusa mizani. Akamwambia apande, ila kwanza amshushe mtoto.