Dakika Nane za Tilda

Saa yangu ya darasani ni kuku wa plastiki. Unamzungusha shingo, anahesabu dakika, zikiisha analia. Yeye ndiye aliyenitawala kipupwe kile chote, maana mkuu wa shule alikuwa amebandika ratiba ukutani: kusoma, dakika tisini, asiiguse mtu.

Nilikuwa na watoto ishirini na wawili wa darasa la pili, meza tano, kila meza ikinisomea kwa zamu. Wanaojikwaa walipata dakika nyingi, na hiyo ni haki yao. Meza ya tano alikaa Tilda Nygaard peke yake, kwa dakika nane. Alikuwa amewapita wenzake, sikuwa na wa kumweka naye. Nilimweka mwisho kwa sababu ni mpole. Nasema wazi, ingawa sijivunii.

Baada ya meza ya tano ni mapumziko, na Minnesota mwezi wa Januari hutoki nje hivi hivi. Suruali ya theluji, buti, glavu, kofia, kila kitu kina zipu na kila zipu inakwama.

"Mwalimu, Brody kavaa buti langu!"

"Mwongo! La kwako linanuka, hili halinuki!"

Dakika nane za Tilda ziliishia humo, kwenye zipu za watu.

Alikuwa na kitabu cha dubu aliyeamka katikati ya baridi akakuta wenzake wote wamelala. Alitaka jambo moja tu: anisomee kwa sauti mpaka mwisho. Kurasa thelathini na moja. Tangu Krismasi tulikuwa tumefika ukurasa wa tisa.

"Mwalimu, leo?"

"Kesho, mpenzi. Hebu nishikie glavu za Brody."

Jumatatu mama yake alikuja mlangoni, theluji ikimyeyukia mabegani. "Ijumaa tunahama, Mwalimu. Baba yake kapata kazi Dakota." Akashusha sauti. "Kila jioni namuuliza, mmemaliza kile kitabu? Ananiambia bado, Mwalimu ana kazi."

Niliapa kwamba wiki ile haitapita. Jumanne Brody akang'oka jino, damu mpaka kwenye zulia. Jumatano mkuu akaingia na karatasi zake, akasimama nyuma: "Ratiba, Mwalimu Halvorson, ratiba." Nikaufyata. Mwanamke wa miaka hamsini na nane! Alhamisi ni zipu tena.

Ijumaa nikasema liwalo na liwe. Nikamwita Tilda wa kwanza, nikamzungusha kuku dakika ishirini nzima. Meza ya kwanza wakanuna.

"Haya, mpenzi. Ukurasa wa tisa."

Hakukifungua. "Nilishakimaliza."

"Lini?"

"Jana, ulipokuwa unawavalisha wenzangu. Nilimsomea kuku."

"Mpaka mwisho?"

"Alilia nikiwa ukurasa wa ishirini. Nikamzungusha tena."

Hakusema kwa kunisuta. Angenisuta ningejitetea, maneno ninayo mengi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Basi nisomee na mimi."

Alitazama meza ya kwanza, kisha akanitazama kwa huruma. "Mpe Brody hizi dakika, Mwalimu. Yeye bado anajikwaa." Akarudi mezani kwake akaanza kupanga kalamu zake kwenye mkoba.

Saa tisa alasiri gari lao liliondoka. Watoto wakaisha, mabasi yakaisha, vigingi vya makoti vikabaki vitupu. Nyumbani hakuna anayeningoja tangu mume wangu Arvid afariki, kwa hiyo sikuwa na haraka. Nilikalia kile kiti kidogo cha meza ya tano, magoti yamenifika kifuani. Kitabu alikuwa amekiacha, kwa kuwa ni cha shule. Nikafungua ukurasa wa tisa, nikamzungusha kuku, nikasoma kwa sauti.

Alilia nikiwa ukurasa wa ishirini. Nikamzungusha tena.