Spika ya Tatu

Walimwita Mama Besi kwa sababu ya gitaa la besi alilopiga, ingawa hakuwa na mtoto. Bendi ilikuwa ya kaka yake, mpiga gitaa la solo, mtu asiyependa kuambiwa. Siku moja walipokodiwa kupiga harusini, kaka aliingia ukumbini na spika ya kuazima, akaibwaga kando ya zile mbili za dada yake.

"Chomeka na hii. Ukumbi huu utaimeza besi yako."

"Haiingii, kaka. Kila spika ina ukinzani wa omu nane. Nikiunganisha mbili, amplifaya inaona omu nne, na chini ya hapo haiwezi. Ukiongeza ya tatu, omu zinashuka, umeme unapita mwingi kuliko inavyohimili. Itaungua."

"Spika zikiwa nyingi, mashine inapumzika. Hata mtoto anajua."

"Basi huyo mtoto aje apige yeye."

Wifi yake, mke wa kaka na mwimbaji wa bendi, aligeuka kuficha kicheko. Kaka akageukia gitaa lake. Mama Besi akadhani yamekwisha, akaenda kubadili nguo.

Wakiwa katikati ya wimbo, pua yake ilinasa harufu ya waya uliopata moto. Akageuka. Spika ya tatu ilikuwa imechomekwa. Amplifaya ile aliipata kwa kushona sare za shule mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Akaacha kupiga, akaizima, akauchomoa ule waya. Waliokuwa wakicheza wakasimama.

"Samahani, wapendwa," kaka alisema kwenye maikrofoni. "Dada yangu kapatwa na kizunguzungu."

Mama Besi akaichukua maikrofoni ya wifi. "Sina kizunguzungu. Kuna mtu anataka kuniunguzia mashine, na mimi sitaki."

Kaka akamsogelea, meno ameyabana. "Chomeka, au kuanzia leo huna bendi."

"Basi sina."

Lakini hakuondoka. Alisukuma spika zake mbili mpaka kwenye pembe ya ukuta, mahali ambapo besi huvimba yenyewe, akangoja mashine ipoe, kisha akaanza kupiga peke yake. Sakafu ikaitika. Wifi alimtazama mumewe, akamtazama Mama Besi, akaingia na wimbo. Ngoma zikafuata. Kaka alisimama na gitaa linaning'inia, na alipojiunga, ubeti mzima ulikuwa umempita.

Walipokuwa wakipakia vyombo, kaka hakumwangalia dada yake.

"Mazoezi kesho saa ngapi?" Mama Besi aliuliza.

"Si nimekufukuza?"

"Nimesikia. Saa ngapi?"

Kaka alikunja waya polepole. "Saa kumi," alisema.