Sheria ya Kidiba

Mvua za mwisho wa mwaka wa tisini na saba zilikataa kukoma. Zilipita Krismasi, zikaingia Januari, ambayo kwa desturi ni mwezi wa vumbi, na maji ya Kidiba yakaanza kupanda mteremko. Hayakupanda kwa kishindo. Yalipanda kama mtu anayesogeza kiti chake karibu na mazungumzo yasiyomhusu: kidogo kidogo, na kila ukimtazama amekaa tu.

Kidiba kilikuwa bwawa la chemchemi chini ya mteremko wa Makindye, upande unaotazama Katwe. Jina lenyewe ni la Kiganda, na maana yake ni bwawa. Hakuna aliyeona haja ya kulipa jina jingine. Zoni nzima ilikunywa hapo: familia za polisi na wanajeshi waliotoka kaskazini baada ya vita, Wakenya wenye shughuli zao mjini, na Waganda waliowatangulia wote. Maji ya bomba yalikuwepo, lakini yalikuwa juu barabarani, na yalikuwa ya kununua.

Adyero, mke wa Sajini Olal wa polisi, alikuwa katibu wa afya wa baraza la zoni. Alisomea afya ya mazingira chuoni, akafaulu vizuri, na hakulipenda neno "labda". Sheria ya Kidiba aliiandika yeye, tena kwa Kiswahili, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha pekee ambayo Mwacholi wa kaskazini, Mjaluo na Muganda wa zoni ile wangeweza kugombana nayo bila mkalimani. Ilikuwa fupi. Tanki la choo lisijengwe ndani ya mita thelathini kutoka ukingo wa Kidiba. Sakafu na kuta zake ziwe za zege lenye nondo, lisivuje hata tone. Likijaa robo tatu, liitiwe gari la kunyonya. Na yeyote atakayefungulia choo chake wakati wa mvua ili mafuriko yakibebe, kama wafanyavyo watu wa mabondeni, ahame.

Ukingo ulikuwa umepimwa Februari ya mwaka uliopita, katika kiangazi. Olal alishika mwisho mmoja wa kamba, Adyero akashika mwingine, na kigingi cha chuma kikapigwa nyundo pale maji yalipokoma siku hiyo.

Sasa kigingi hakikuonekana. Kilikuwa ndani kabisa, na juu yake nyasi za mteremko zilikuwa zimelala chini ya maji, zikichezacheza kama nywele. Adyero alisimama kwenye ukingo mpya, akahesabu hatua hadi kwenye kifuniko cha tanki la choo la jirani yao, Omolo. Zilikuwa tisa.

"Maji haijui kusoma sheria yako, mama," Olal alisema.

Hakucheka. Mkewe aligeuka, akatazama bondeni. Kule Katwe mahema ya kipindupindu yalikuwa yameshasimamishwa. Upepo wa asubuhi ukipanda kutoka bondeni, ulikuja na harufu ya dawa ya kuulia vijidudu, na baada ya harufu hiyo, nyingine ambayo dawa haikuiweza. Mpaka siku ile hakuna mtu wa zoni aliyekuwa ameugua. Adyero alijua sababu ni moja tu: Kidiba kilikuwa safi. Kingechafuka, mahema yangepanda mlima.

Alimkuta Omolo kibarazani akinyoa ndevu. Omolo alikuwa Mjaluo wa Kisumu, mwenye karakana ya kuunda milango ya chuma Katwe, na hapo mteremkoni alikuwa na vyumba vinane vya kupangisha.

"Mama Afande! Karibu. Leo umekuja kunisalimia ama kunikamata?"

"Maji yamefika hatua tisa kutoka kwenye tanki lako, Mzee Omolo."

"Basi kamata maji."

Wapangaji waliokuwa wakifua karibu walicheka. Omolo alipangusa wembe. "Mimi nilijenga mita thelathini na moja. Hiyo moja niliwaongeza tu, kwa heshima. Kigingi ni yenu, nyundo ni yenu, na bwana yako ndiye alishika kamba."

"Sibishi. Naomba ulinyonye tanki."

"Iko nusu. Na sheria inasema nini? Robo tatu. Mama, mimi ni mtu wa sheria, usiniharibu."

"Zege hupata ufa."

"Ya wengine. Yangu, nondo nilikata kwa mkono yangu. Hiyo tanki ukiitupa kutoka juu Makindye itafika Katwe nzima."

Adyero alijua kwamba haya yalikuwa kweli. Alilikagua lilipojengwa: sanduku la zege, pana kama chumba cha kulala, lisilo na tundu isipokuwa mdomo wenye kifuniko na pale bomba la vyoo lilipoingilia. Lilikuwa tanki bora kuliko yote ya zoni. Hakuwa na neno lolote la sheria la kumshikia mtu huyu, na sheria alikuwa ameitunga mwenyewe.

Basi akashika upande mwingine. Kidiba kilikuwa na ua wa waya na lango dogo. Jioni ile Olal alilifunga kwa mnyororo na kufuli la polisi.

Kufuli lilileta vita. Anena, mke wa askari na mama wa mapacha, alikuja langoni na madumu yake mawili, akayaweka chini kwa nguvu.

"Mama Afande, wewe uko na mshahara ya Afande. Sisi tutakunywa kufuli?"

"Nendeni bombani kwa sasa."

"Bomba ni ya nani? Ya mjomba yangu?"

Wengine waliruka ua. Wengine, na hili ndilo lililomnyima Adyero raha, walianza kushuka hadi kwenye mifereji ya Katwe, ambako mahema yalikuwa. Aliwaona wakirudi na madumu vichwani, maji yake yana rangi ya chai ya maziwa. Kufuli alilolifunga ili watu wasife lilikuwa likiwapeleka kifo kilipo. Jambo hilo lilikuwa wazi, na Adyero hakuwa mtu wa kugombana na lililo wazi.

Aliwaita watu wote langoni. Walikuja na matusi, na matusi yalipomkosa Adyero yalimpata Omolo. Watu walisema choo cha Mkenya ndicho kinachowanyima maji. Mmoja alimwambia arudi kwao akanye ziwani, Kisumu.

Omolo alivumilia kwa muda. Kisha akainua mkono. "Inatosha. Mama Afande, mimi nitaita gari, ingawa sheria hainidai. Tanki ikiwa tupu, utafungua?"

Adyero alilifikiri swali kwa makini. Kisichokuwemo hakiwezi kuvuja. Hoja ilikuwa nzima kila upande alioigeuza.

"Likiwa tupu kabisa, hadi sakafu, nitafungua."

Gari la kunyonya lilikuja kesho yake mchana. Dereva wake, Faustino, Mkongo mnene mwenye kofia ya sufu, alilipandisha huku vijana wakilisukuma matopeni. Bomba likaingizwa, mashine ikanguruma. Gari lilipojaa, tankini kulikuwa bado kumebaki uchafu wa kufika magotini.

"Iliyobaki ni kidogo, mama," Faustino alisema, akianza kukunja bomba. "Kidogo haina neno."

"Kidogo ndicho kinachoua. Utarudi."

"Hii njia? Mara ya pili?"

"Utarudi, Faustino."

Akarudi, akinung'unika kwa Kilingala. Safari hii hakikubaki kitu. Adyero alipiga magoti kwenye mdomo wa tanki, akamulika ndani kwa tochi. Sakafu ilionekana kama sahani iliyooshwa. Kuta zilikuwa kavu, hata jasho hazina, ingawa nje udongo ulikuwa umelowa kiasi kwamba unyayo wa mtu ulijaa maji kabla hajainua mguu wa pili. Aliridhika. Omolo hakusema uongo: tanki halikupitisha tone, si kutoka ndani, si kutoka nje.

Usiku mvua ilinyesha tena. Ilikuwa ndefu, haikuwa na radi.

Asubuhi jua lilitoka, na Kidiba kilikuwa kimepanda hatua nyingine mbili, kikiwa shwari na cheupe kwa mwanga wa mbingu. Watu walikuwa wamejipanga langoni kabla Olal hajafika na ufunguo. Mnyororo ulipoanguka walipiga vigelegele. Omolo alikuwa mbele ya wote, amevaa shati la kanisani, mkononi ana kopo la bati.

"Ngoja! Ngoja kwanza!" alisema. "Mlisema choo ya Mkenya. Basi Mkenya anakunywa wa kwanza."

Alichota, akainua kopo juu kila mtu alione, akanywa lote bila kupumua. Akajipapasa kitambi.

"Tamu kuliko ya Kisumu!"

Walicheka, na hata Anena alicheka. Alichota naye, akanywa, akawapa mapacha, mmoja baada ya mwingine, kutoka kiganjani. Watu walikunywa papo hapo kwa kiu ya siku zote zile walizonunua maji na kuyapima kwa kikombe. Olal alikunywa. Adyero alikuwa ameshika kikombe chake, anangoja msukumano upungue, Moreen aliposhuka mteremko.

Moreen alikuwa mpangaji wa Omolo, mwanamke mwembamba asiyeharakishwa na kitu. "Mzee Omolo," alisema, "njoo uone maajabu yako. Tanki yako imeota."

"Imefanya nini?"

"Imeota. Kama uyoga."

Adyero alikwishaanza kupanda.

Tanki lilikuwa limetoka ardhini. Zege lake la juu, ambalo jana lilikuwa sawa na nyasi, lilikuwa sasa usawa wa kiuno chake, limeinama upande mmoja, udongo ukining'inia kwenye kingo zake, kama jeneza lililokataa kuzikwa. Kulizunguka kulikuwa na maji. Kisha akaona bomba. Tanki lilipoinuka lilikuwa limelikata kama ukatavyo muwa, na mdomo wake ulikuwa wazi, unatazama bondeni.

Hakuhitaji kuelezwa. Dumu tupu ukilizamisha kwa mkono hupambana nawe; likijaa, hutulia. Kanuni hiyo aliijua tangu sekondari, na alifaulu mtihani wake. Uchafu ndio uliokuwa umelikalisha tanki chini. Ardhi ikiwa imejaa maji, yeye alilipakua hadi sakafu, tena mara mbili, akalifanya jahazi. Lingekuwa tanki bovu, lenye nyufa, maji yangeingia nalo lingetulia. Lakini lilikuwa limejengwa kama sheria ilivyotaka.

Mlango wa choo ulifunguliwa. Mtu aliyekuwa ndani alimwaga ndoo ya maji chooni, akatoka. Adyero aliyatazama maji yakija chini ya ukuta, yakatoka kwenye bomba lililokatika, yakashuka kwenye nyasi. Hayakuwa na safari ndefu. Kidiba kilianza hatua chache tu mbele ya viatu vyake.

"Fungeni vyoo!" alipiga kelele. "Vyote! Asiingie mtu!"

"Utamwambia nani?" Moreen alikuwa amesimama nyuma yake. "Ondiek wangu amelala huko tangu jana usiku. Akirudi kitandani hakai, anaenda tena."

Adyero aligeuka taratibu. Alijua kwamba Ondiek, mume wa Moreen, alikuwa mchomeleaji katika karakana ya Omolo, Katwe.

"Anaharisha?"

"Maji matupu. Nyeupe, kama ya mchele."

Adyero alishuka. Hakukimbia, kwa sababu kukimbia hakungebadili kilichokwisha kunywewa. Langoni watu walikuwa bado wanasukumana. Aliomba kopo la mkononi mwa mtu wa karibu, akalimwaga chini. Kisha akasema kwa sauti ile ile aliyosomea sheria yake siku ya kwanza: tanki limeinuka, bomba limekatika, choo kinaingia Kidibani tangu usiku, na mmoja wa wanaotumia choo hicho ana kipindupindu.

Madumu yaliwekwa chini moja baada ya jingine. Anena aliwavuta mapacha kwake, akawapangusa midomo kwa kanga, akarudia tena, akarudia tena, kwa nguvu, mpaka mmoja akalia.

"Mama Afande," Omolo alisema. Shati lake la kanisani lilikuwa limelowa kifuani. "Unanitania."

"Hapana."

"Mimi nilikunywa kopo nzima."

"Nilikuona."

Olal alifunga lango. Adyero alimtuma aende kwenye mahema ya Katwe akawaambie watayarishe nafasi, wao watu wa Makindye wanakuja, na arudi na chumvi za kuchanganya na maji. Olal alikwenda akishika tumbo kwa mkono mmoja bila kujua kwamba anashika.

"Inachukua muda gani?" Omolo aliuliza.

"Saa chache. Wakati mwingine siku tano. Wengine hawaugui kabisa."

"Wangapi hawaugui?"

"Wengi," alisema, na hiyo nayo ilikuwa kweli. "Lakini siwezi kukuambia ni nani."

Hakuna aliyekwenda nyumbani. Ni kama kila mmoja aliogopa kulipeleka tumbo lake kwa watoto wake. Walikaa kwenye nyasi nje ya ua, juani, wakiwa wamepakana mabega. Adyero alikaa kati yao, ingawa yeye hakunywa, na kila mtu alijua kwamba hakunywa. Maji ya Kidiba yalikuwa mazuri kutazama.

Baada ya muda tumbo la mtu likanguruma. Siku nyingine wangecheka. Sasa waligeuza vichwa wote, wakitafuta ni tumbo la nani.