Sifael Yumo

Chai ya maziwa ilikuwa bado inafuka moshi wakati Joyce, karani wa shamba la maua, alipomwambia Evaresta, fundi wa kompyuta, kwamba programu imegoma tena. Evaresta ndiyo kwanza alikuwa ameingia kutoka Olasiti, viatu vimejaa tope. Hakuuliza kwa sababu ya nani. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na maneno yale yale: ukurasa wa Banda la Tatu unatumiwa na Sifael, wengine wasubiri.

"Leo kaanza mapema," Joyce alisema. "Huyu marehemu hachoki?"

Sifael alikuwa msimamizi wa upigaji dawa. Alikufa kwa kifua wakati wa mvua za vuli, akazikwa kwao Akheri, kwenye migomba nyuma ya nyumba. Cheti kiliandikwa nimonia. Watu wa ofisi walikwenda kuzika, wakala, wakarudi. Jina lake kwenye programu hawakulifuta, kwani ndugu walikuwa hawajaondoa matanga, na nani angethubutu kumfuta mtu kabla ndugu zake hawajamaliza? Ilikuwa heshima tu. Jumatatu iliyofuata Sifael aliingia kazini kama kawaida, na programu ikaonyesha kuwa anafanyia kazi Akheri, migombani.

Programu yenyewe haikuwa pale shambani. Ilikaa kwenye seva ya mbali ambayo hakuna aliyewahi kuiona, na kila mtu wa ofisi aliingia humo kwa jina lake. Aliyetangulia kufungua ukurasa ndiye mwenye kuandika, wengine hutazama. Sifael alikuwa na kazi moja. Banda likishapigwa dawa, aliandika "Watu wasiingie mpaka kesho kutwa," na programu ikakataa kupanga zamu ya wavunaji; bila zamu, banda halifunguliwi. Enzi za uhai wake aliandika hivyo hivyo, meneja akamwambia afute, naye akafuta, akaingia bandani na wenzake. Siku hizi hafuti.

Bwana Allen, meneja, alikuja akiwa na funguo za gari mkononi. Banda la Tatu lilikuwa limepigwa dawa jana jioni, na waridi zake zilitakiwa uwanja wa ndege leo.

"Mtoe," alisema.

Evaresta alimtoa, Sifael akarudi. Alimbadilishia neno la siri, marehemu akaingia bila kuulizwa. Aliwatoa watu wote, akazima programu na kuiwasha, na wa kwanza kuingia akawa Sifael. Wenye seva walipopigiwa simu walijibu kwa upole kwamba mtumiaji huyo hana tatizo lolote, mtandao wake ni mzuri kuliko wa ofisi. Wahenga walisema maiti haulizwi sanda. Huyu hakuulizwa, na bado alikuwa na majibu.

Kisha pembeni mwa kioo yakatokea maneno ya Sifael: "Evaresta, Hanna yumo zamu ya leo."

Hanna alikuwa mdogo wake, tumbo moja, na sasa alikuwa na mimba yake ya kwanza. Kazi ya kukata waridi alitafutiwa na Evaresta huyu huyu. Alisema anakwenda kujaza maji, akatoka mpaka kwenye foleni ya wavunaji mbele ya banda.

"Hanna, sema unaumwa. Rudi nyumbani."

"Dada, yule aliyesema anaumwa juzi umemwona tena?" Hanna alikuwa anajifunga kanga puani. "Getini wamejaa wanaongoja nafasi yangu. Mlango ukifunguliwa naingia. Mungu yupo."

"Usipofunguliwa?"

"Basi nitashukuru."

Evaresta alirudi ofisini. Alimwogopa marehemu, aliogopa kukosa kazi, alimwogopea Hanna kuliko vyote. Lakini Bwana Allen ndiye aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti chake.

"Bosi, imeshindikana."

"Haijashindikana. Mwache akae humo, sina ugomvi naye. Ila umpe ruhusa ya kusoma tu, asiandike. Au nimwite fundi mwingine?"

Evaresta alilijua hilo tangu asubuhi. Alikuwa anaomba kimoyomoyo meneja asilifikirie. Sasa alitafuta jina la Sifael, akaondoa alama ya kuandika, akaacha ya kusoma. Sifael hakubisha. Ile amri yake ikafutika, zamu ikakubaliwa, na Joyce akamalizia chai yake.

"Afadhali," alisema. "Kumbe naye akielekezwa anaelewa."

Nje ya dirisha, mlango wa Banda la Tatu ulifunguliwa na wanawake wakaanza kuingia. Harufu ya dawa ikafika mpaka ofisini, kali na tamu kidogo. Kwenye kioo majina ya wavunaji yalipangwa kwa mistari yao ya waridi, na kishale chenye jina la Sifael kilikuwa kinatembea juu ya majina hayo. Kilipita jina la kwanza polepole, kikapita la pili, kama msimamizi anayekagua watu wake. Kilipofika kwa Hanna kilisimama.

Evaresta alingoja kisogee. Alikitazama mpaka macho yakamuuma, na hakikusogea.

"Umemaliza?" Bwana Allen aliuliza.

"Nimemaliza, bosi."